Ziwa liko mlangoni na sisi tumekaa tu tunaliangalia

Niliyaongea haya Jumamosi jioni kwenye mchanga pale Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mbele ya wazazi na vijana waliokuja kujaribu vyombo vyetu. Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, pamoja na pale mliponikatisha.

Shikamooni wazee wangu. Mambo vijana. Na nyie watoto mliokaa mbele hapo acheni kwanza kurushiana mchanga, tutaingia majini sa hivi tu. Mwadila! Haya, mmeitika vizuri, hata wale ambao najua kabisa sio Wasukuma.

Mi sio mtu wa hotuba. Kazi yangu ni maabara, nashinda na darubini kwenye zahanati, wavuvi wa hapa wananiita dokta na nimeshachoka kuwakatalia. Nimeambiwa niongee dakika 10 kuhusu hivi vitu vimelala nyuma yangu, yaani zile kayaki mbili, hizi padobodi tatu, zile mbao ndefu ambazo mtu anasimama juu yake anapiga kasia, na kile kimtumbwi cha tanga ambacho kila mtu ameshapiga nacho picha, alafu ndo twende majini kabla jua halijazama. Ila dakika 10 hazitanitosha nawaambia mapema, maana nina dukuduku.

Naomba mikono juu, nani kazaliwa Mwanza au amekulia hapa? Aisee, karibu wote. Msishushe. Sasa wabakize mikono wale wanaojua kuogelea, sio kujimwagia, kuogelea, kwamba nikikutupa pale kwenye lile jiwe unarudi mwenyewe.

Mmeona? Imeshuka kama umeme umekatika. Na mzee wangu pale naona umeubakiza nusu, hiyo nusu tutaongea baadae.

Mi mwenyewe mkono wangu ungeshuka mpaka miaka michache iliyopita. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 12, na mlio rika langu hapo mnajua naelekea wapi. Tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ikazama. Serikali ilihesabu waliokufa 894. Mtaa wetu Igogo ilikuwa unatoka matanga haya unaingia matanga yale, na mama yangu siku hiyo akatunga sheria moja ndani ya nyumba, mtoto wake hagusi ziwa. Hata ndoo ya maji walitumwa watoto wa jirani. Neno lenyewe mnalijua ni moja, matanga ya chombo na matanga ya msiba, na kwa mama yangu kwa miaka yote hiyo lilibaki na maana moja tu. Nikawa napita pale Kirumba Mwaloni nanunua dagaa nimelipa ziwa mgongo. Alafu 2018 mwezi wa tisa ikaja ya MV Nyerere kule Ukara, watu 228, mama akanipigia simu saa nne usiku kuniuliza tu niko wapi. Nilikuwa nyumbani, mtu mzima na watoto wangu wawili, ila nilijibu kama mtoto, niko ndani mama.

Simlaumu. Ila naomba tuangalie hiyo sheria ilizaa nini, kwasababu najua haikuwa nyumbani kwetu peke yake. Imezaa watu ambao wanaishi pembeni ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi, kilomita za mraba 68,000 na ushee, karibu nusu yake iko kwetu Tanzania, na hawajui lolote kuhusu hayo maji zaidi ya bei ya sato. Tunalivuka ziwa kama mizigo, umekaa kwenye kiti, kuna mtu mwingine anaendesha, likitokea la kutokea hujui hata uelekee upande gani. Na sa hivi ndo kabisa, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 zile unazivuka ndani ya gari vioo umefunga unachati. Silisemi vibaya daraja jamani, nimekesha kwenye ile foleni ya kivuko nikiwa na mgonjwa, kwahiyo daraja mniachie. Nasema tu kwamba sasa unaweza kuzaliwa, ukakua, ukaoa na ukazeeka Mwanza bila maji ya ziwa kukugusa goti.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wengi tunaitumia kama onyo la kutofika. Mi naisoma upande wa pili. Nenda ukafike, ila nenda na chombo kidogo, polepole, karibu na kingo, siku ambayo huna haraka wala huendi popote. Kucheza ndo kunakufundisha maji. Mtu wa kazi hana muda wa kujifunza, yeye anataka kufika na samaki wake. Wewe unayecheza unaweza kuanguka mara 20 kwenye maji ya kiuno na ukacheka.

Na nilianguka kweli! Ilikuwa 2021. Kuna mgeni mmoja alikuwa anarudi kwao akauza vitu vya ndani, mi nilienda kuangalia friji, nikarudi na padobodi. Laki sita, ipo kwenye begi kama la mgongoni, unaifungua unaipampu, mshale wa geji ukifika 12 mpaka 15 inakuwa ngumu kama meza. Mume wangu hakuongea na mimi mpaka kesho yake. Nikaja hapahapa saa 12 asubuhi nikijua hakuna mtu atakayeniona, mama mzima na suruali ya mazoezi, nikasimama, miguu inatetemeka kama cherehani, chubwi. Nikapanda, chubwi. Na nikibahatika kukaa juu napiga kasia maji yanaruka yananirudia usoni, bodi haiendi popote. Kumbe kuna mzee mmoja wa nyavu amekaa juu ya jiwe muda wote ananiangalia anakunywa uji wake. Akaniuliza, mama, hapo unalima au unapiga kasia? Mi nikamwambia sijui. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia hiyo kafi umeishika mgongo mbele.

Alikuwa sahihi kabisa. Ile kafi ya padobodi imepinda shingoni, na kila anayeanza huwa anaishika kama kijiko, yaani anataka kuchota. Inatakiwa ule mpindo uelekee mbele kule unakoenda, ili ukivuta mpaka miguuni kwako lile bapa liwe bado wima linasukuma maji nyuma, badala ya kuyanyanyua. Na mzee yule hajawahi kupanda padobodi mpaka leo, yeye anajua kafi tu. Alafu alisema kafi, hakusema kasia, ndo maana nililikumbuka hilo neno, sisi wote siku hizi tunasema kasia kwa kila kitu ila wazee wanatofautisha, kafi unaishika mkononi huru, kasia linafungwa ubavuni mwa chombo. Leo mtashika kafi. Mkiita kasia nitawaelewa.

Kitu cha pili alichonifundisha ni macho. Unapoanza unaangalia vidole vyako vya miguu, na ukiviangalia ndo unavifuata majini. Tazama mbali, tazama ng'ambo kule Sengerema, miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo kama umesimama kwenye daladala bila kushika bomba. Nyie wa daladala za Nyegezi mtakuwa wataalamu, nimeona hilo kwa macho yangu, makonda wanajifunza kusimama kwa dakika 5 wengine tunachukua wiki.

Kayaki ni rahisi zaidi kwa kuanza, unakaa. Ila watu wanavuta kwa mikono, baada ya nusu saa mabega yanawaka moto. Vuta kwa kiuno, zungusha mwili mzima kama unamgeukia mtu aliyekaa kiti cha nyuma, mkono unafuata tu. Na hizi za kwetu mtaona zina matundu kwenye sakafu na maji yanaingia mpaka kwenye makalio, hazivuji! Ni matundu ya kutolea maji, wimbi likikuingilia linashuka palepale, chombo kinaelea kwasababu kiko kitupu ndani na kimezibwa. Kuna kaka mmoja, simtaji kwasababu amekaa hapa, siku ya kwanza alivua soksi akaziba matundu yote manne alafu akanirudia kifua mbele kuniambia dokta nimekuokolea chombo.

Na hii kayaki msiione ya kizungu. Ilianzia kwa Wainuiti, watu wa kaskazini kwenye barafu kule Greenland na jirani zake, walifunga fremu ya miti iliyookotwa ufukweni na mifupa, wakaishonea ngozi za sili, mwindaji anaingia humo anamnyemelea mnyama kimyakimya. Chombo cha kazi kabisa, cha kutafuta mboga. Wengine wakakiona wakasema hiki mbona kitamu, wakakigeuza mchezo, mpaka kikaingia Olimpiki 1936. Kwahiyo sioni kwanini mtumbwi wetu ubaki wa kazi na shida peke yake.

Sasa nije kwenye upepo, na hapa naomba hata wale wa nyuma wanaokula mahindi wasikilize.

Mchana jua linachoma nchi kavu na haya mawe yetu, mnajua yanavyoshika moto, maji yenyewe yanachelewa kupata joto. Hewa ya juu ya nchi inapanda, ile ya ziwani inakuja kuziba pengo lake, ndo huo upepo unaoanza saa 5 hivi asubuhi na kuzidi mchana. Usiku inageuka, nchi imepoa, maji bado ya vuguvugu, upepo unatoka kwetu unaenda ziwani. Na kwasababu unatoka hivyo pande zote, wa kwetu, wa Kenya, wa Uganda, unakutana huko katikati, hewa haina pa kwenda inapanda juu, ndo yale mawingu na radi za usiku na alfajiri ambazo wavuvi wa dagaa wanazijua kuliko mtu yeyote. Ziwa lenyewe halina kina kikubwa, wastani ni kama mita 40 tu, ni sinia sio kisima, kwahiyo upepo ukilipiga mawimbi yanakuja mafupi, yamesimama na yamefuatana, hayakupi nafasi ya kupumua.

Ile asubuhi mnayoipenda, saa 12, maji yamelala kama mafuta, yale maji yanadanganya. Upepo wa nchi kavu bado unatoka. Hapa kingoni huusikii kwasababu vilima na mawe vinaukinga, ukifika mita 200, 300 huko mbele ndo unakupokea, na unakusukuma kuelekea nje.

Mi nimelipia hilo darasa. Mwezi wa saba mwaka juzi, saa moja asubuhi, nimesimama kwenye padobodi yangu najiona bingwa, naenda tu, raha, nikajisifia kwamba siku hizi nina kasi. Nilipogeuka kurudi nikaelewa kasi ilikuwa ya nani. Napiga kafi, lile jiwe la mzee wangu haliji. Napiga, linazidi kuwa dogo. Na kusimama kwenyewe ndo kosa, mwili wangu ulikuwa ndo tanga. Nikapiga magoti, nikalala kifudifudi nikawa navuta kwa mikono, mikono ikaisha. Na jaketi okozi langu, mnaona hili la rangi ya chungwa, siku hiyo lilikuwa limening'inia kwenye ule mti pale, na filimbi yake imefungwa hapohapo begani, na simu iko ndani ya begi chini ya mti huohuo. Vitu vyote vya kuniokoa vilikuwa vimetulia kivulini. Nilichokuwa nacho ni ile kamba ya mguuni inayokufunga na bodi, na ndo iliyoniweka, maana bodi ni boya, ukiwa nalo hauzami hata likupeleke wapi, ukiliachia ukasema uogelee ufukweni ndo mwisho wa habari.

Nikakaa juu ya bodi nikaacha kupigana. Nilikaa kama saa nzima na nusu. Likaja boti la dagaa linarudi na taa zake, vijana wanne, mmoja amelala juu ya nyavu. Wakazima injini, wakaniangalia. Yule wa usukani akasema, dokta, ndo unahamia Sengerema bila kutuaga? Walinivuta na bodi langu, wakanipa kiazi cha kuchemsha, sikudaiwa hata mia. Nyumbani sikusema. Mama alijua baada ya siku mbili, unafikiri Mwanza kuna siri.

Kwahiyo masharti ya hapa sitayajadili na mtu. Jaketi linavaliwa na kufungwa, halikaliwi kama mto. Hata kama unaogelea kama fisi maji. Hatutoki wenyewe, wawili wawili. Upepo ukiwa unatoka nchi kavu hatuvuki lile jiwe, tunafuata kingo. Unapotoka anza kwa kwenda kule upepo unakotokea, ukichoka ukurudishe nyumbani, sio kinyume. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, toka, maana kwenye maji wewe ndo mti mrefu kuliko yote. Na unamwambia mtu wa nchi kavu unarudi saa ngapi, asipokuona apige 114 ya zimamoto na uokoaji, asianze kupiga status. Mamba na viboko, ndiyo, wapo ziwani, tunakaa mbali na matete, mafunjo na midomo ya mito, na giza likianza tuko nje. Basi.

Alafu kuna hili la kichocho, ambalo kila mtu ananiuliza pembeni kwa sauti ya chini, sasa nalijibu kwa kipaza sauti.

Kipo. Mi nakiona kila wiki. Yai lake chini ya darubini ni zuri, nisamehewe, umbo kama la punje ya mchele, kahawia ya dhahabu, na lina mwiba mmoja ubavuni kama mwiba wa waridi. Hicho ndo cha tumbo, kinachotusumbua sisi wa kingo za ziwa. Kile cha mkojo mwiba wake uko nchani. Yai linaingia ziwani na kinyesi cha mtu, linaanguliwa, mdudu anaingia kwenye konokono, anazaana humo, alafu wanatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu, na wanatoka zaidi jua likiwa kali, mchana. Ngozi yako wanaipita ndani ya dakika chache. Konokono wenyewe wanapenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani na magugu maji, yaani palepale watu wanapofulia na watoto wanapochezea.

Sasa mchezaji anafanya nini? Anashushia chombo kwenye mchanga mtupu au mwamba, sio kwenye majani. Hakai kwenye maji ya goti anapiga stori nusu saa, anapanda anaondoka. Anakuja asubuhi, sio saa saba. Akitoka anajifuta na taulo palepale, kwa nguvu, hiyo inapunguza, haimalizi. Na anapima. Tena msinijie kesho yake, dawa ya praziquantel inaua minyoo wakubwa, wale wachanga inawaacha, kwahiyo subiri wiki 6 mpaka 8 tangu uingie majini ndo upime na kunywa. Ni vile vidonge vikubwa vichungu mlivyopewa shuleni, mnakumbuka ule mti wenye alama wa kupimia urefu mjue unapewa vingapi? Kunywa ukiwa umekula. Mi napima mara mbili kwa mwaka, nimekutwa nacho mara moja, nikanywa, nikarudi majini. Na mwenye kujisaidia ziwani aliye hapa nimemwona anaangalia chini, sitasema zaidi.

Niwaambie basi kwanini narudi, maana mpaka hapa inaonekana kama nawatisha.

Ni ile saa moja asubuhi. Boti za dagaa zinaingia, taa zao bado zinawaka ingawa kumeshapambazuka, harufu ya mafuta na samaki, mtu anaimba huko hujui ni boti gani. Umekaa kwenye kayaki huna injini, kwahiyo hakuna kinachokukimbia. Mnandi anazama hapa anaibukia kule na samaki mdomoni, anakuangalia kama wewe ndo mgeni. Furukombe analia juu ya jiwe, ukimsogelea taratibu kwa kafi anakuacha ufike mpaka unaona kucha zake. Mawe yetu tunayaona kila siku kutoka barabarani, nilikuwa sijui kwamba kutoka majini yana mstari mweupe chini unaoonesha maji yaliwahi kufika wapi, na chini ya mstari kuna mijusi, wale wenye kichwa chekundu, wanapiga push-up kama jeshi. Simu iko kwenye mfuko usiopitisha maji, imezimwa. Mi kazini naangalia vitu vidogo siku nzima kwa jicho moja, na nadhani macho yangu yalikuwa yanaililia hiyo nafasi bila mimi kujua.

Na tanga! Nilikuwa naogopa neno lenyewe, nimeshawaambia. Ila kile kimtumbwi pale kina historia. Mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, fundi mmoja anaitwa Clark Mills aliombwa atengeneze chombo cha tanga cha bei nafuu cha watoto, akakitoa kwenye shiti mbili za plaiwudi. Wakakiita Optimist, urefu mita 2 na sentimita 30 na kitu, pua imekatwa bapa kama beseni, na leo watoto wa nchi kibao wanajifunzia humo. Shiti mbili za plaiwudi jamani, hiyo si ipo hapo mjini? Tukampelekea michoro fundi wetu wa mitumbwi kule Igombe. Akaigeuza juu chini, akauliza, pua yake mmekata kwanini? Akatengeneza, ila pua akaichonga yake, amesema hawezi kutoa karakana kwake chombo kisicho na pua watu wakamcheka. Viungo akavikalafati kwa pamba na mafuta kama anavyofanya mitumbwi. Tanga ni turubai, limeshonwa na dada wa cherehani hapo Nyegezi ambaye aliniuliza kama ni pazia la ukumbi. Sio Optimist tena, sijui ni nini, ila kinakwenda.

Kwa upepo wa nyuma mtoto yeyote anakwenda. Utamu ni kwenda kule upepo unakotokea. Haiwezekani moja kwa moja, tanga linapigapiga tu kama bendera, kwahiyo unapiga bisho. Ni kama kupanda Bugando na baiskeli imebeba maji, haupandi wima, unakata kushoto, unageuza, unakata kulia, na kila ukigeuza umepanda kidogo. Unapogeuza inamisha kichwa, ule mti wa chini wa tanga haumjui dokta wala mkurugenzi. Na kamba ile mnayoishika, wenzetu wa pwani wanaiita demani, msiifunge popote, mshike mkononi. Chombo kikilala sana, ukiogopa, ukichanganyikiwa, achia kamba. Tanga linapoteza upepo, chombo kinanyanyuka chenyewe, kinasimama kukusubiri. Mi nilikuwa nakaza. Ukiogopa kitu unakaza, si ndiyo? Nilipinduka mara tatu kwa kukaza.

Mwezi wa kumi na mbili mama alikuja hapa. Nilimwambia aje ale samaki tu. Alikaa pale chini ya mti muda mrefu anaangalia wajukuu zake wakipiga kafi, hasemi. Alafu akauliza hilo jaketi lipo la saizi yake? Tukamvalisha juu ya kanga, tukamkalisha kwenye ile kayaki ya njano, maji ya kiuno, mi nimeshika mkia na mume wangu ameshika pua. Kafi alikataa. Akakaa ameshika pembeni na mikono miwili kama kiti cha daktari wa meno, baadae akaachia mmoja, akautumbukiza majini mpaka kiwiko. Akasema, kumbe yana joto.

Haya, jua linashuka na upepo naona umeanza kulegea, ndo muda wetu. Watoto kwanza, kwenye maji ya kiuno, mita 10, kila mmoja na mtu mzima wake. Wale wa mikono iliyoshuka mje kwangu upande huu, leo hatuendi popote, tutalala chali juu ya maji tujifunze kuelea, na mzee wangu wa nusu mkono nakuona, usiniondokee. Kaka wa soksi, wewe utabeba mlingoti. Na kuna filimbi ilikuwa kwenye jaketi langu hapa begani wakati naanza kuongea, haipo. Aliyeichukua aipulize basi nijue yuko wapi.